Ilula na mapacha wake

JICHO LA UYOLE
Na Anyisile Mwakyoma

Ingia steshenari yoyote pale Mwanjelwa, uombe wakuchapie neno Ilula kwa fonti ya Arial. Utaona vijiti viwili vimesimama bega kwa bega, I kubwa na l ndogo, usijue Kulwa ni yupi na Doto ni yupi.

Mwezi jana shangazi alinitumia mzigo kutoka Iringa. Namba yake kwenye stakabadhi ilikuwa na vijiti vitatu mfululizo. Karani akasoma moja, mimi nikasoma I. Tulibishana hadi nilipomtajia rangi ya kiroba.

Taipureta zilikuwa na dawa ya jambo hili. Kwenye mashine ile kila herufi hupewa nafasi sawa, i kwa m, kwa hiyo ile nyembamba ilivalishwa visigino vipana, yaani vile vistari vya kwenye ncha za herufi, ili ijaze nafasi yake. Ndivyo Howard Kettler alivyoichora Courier kwa ajili ya taipureta za IBM miaka ya 1950. Herufi za visigino vizito zenyewe ni za zamani zaidi: zilianza Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, zikapendwa kwenye mabango ya matangazo kwa kuwa zinaonekana kwa mbali. (Haki isemwe: taipureta nyingi za kale hazikuwa na kitufe cha 1, makatibu muhtasi wakagonga l ndogo badala yake. Nazo zilikuwa na dhambi zake.)

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaumia kuliko wengine, maana ni watu wa I: Iringa, Ifunda, Ipogolo, Iyunga. Ukifika Ilula, Ilemi, Ilomba na Ilembula, mapacha hao hapo. Na karatasi zetu hutolewa kopi ya kopi ya kopi. Visigino vyembamba vya Times hufifia, vizito hubaki.

Sisemi barua zote zichapwe kwa Courier. Inakula nafasi, na steshenari hutoza kwa ukurasa. Nasemea tiketi, namba za mizigo, orodha za majina na vibao vya mitaa.

Vijana wa steshenari, Courier New imo tayari ndani ya Windows, wala hailipiwi. Mteja akija na jina la Ilomba, ibadilisheni fonti kabla ya kuchapa.