Taarifa zilizochakaa mtandaoni zawapunguzia Same wageni

ABIRIA atokaye Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha hupita Same, na mara nyingi hupita tu. Kilomita chache kutoka mjini lipo lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, wanakotunzwa faru weusi. Upande mwingine imeinuka Milima ya Upare hadi kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400, ndani ya msitu wa Chome.

Mkomazi ilipandishwa hadhi kutoka pori la akiba kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Mwenye nyumba ya wageni ambaye tovuti yake bado inaiita pori la akiba humfanya msomaji atilie shaka hata bei na namba ya simu zilizo hapo.

Picha za tembo si haba. Yanayokosekana ni mambo ya kawaida mno: je, gari dogo litapanda milimani wakati wa masika? Kibali hutolewa wapi? Mkomazi iko chini ya TANAPA, Chome chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Anayechanganya hizo mbili humpotezea mgeni siku nzima. Na kuandika “piga simu kwa maelezo” juu ya namba isiyopatikana ni afadhali kunyamaza.

Basi husimama Same dakika chache. Aliyekosa jibu kabla ya kupanda ataendelea na safari hadi Moshi, na chumba kitalala kitupu.