Nilimfanyia mathe mtihani wa hospitali, na nikapita

Wacha nianze kwa kukiri. Nina cheti cha kuzuia maambukizi hospitalini. Nilipata asilimia 90. Shida ni moja tu: jina kwenye hicho cheti ni la mamangu. Yeye ni nesi. Mimi kazi yangu ni video, na hospitali naijua kama vile wewe unaijua, kwa kupanga foleni.

Ilikuwa hivi. Mathe alitoka zamu ya usiku, akaingia nyumbani asubuhi viatu vikiwa mkononi. Kazini walikuwa wametumiwa linki: kozi tano za lazima, mwisho Ijumaa, na usipomaliza jina lako linapelekwa kwa mkubwa. Akafungua ya kwanza, bando ikaisha video ikiwa katikati. Akaniangalia. "Kijana, hebu nibonyezee hii kitu. Nisipolala saa hii, leo usiku nitampa mtu dawa ya mwenyewe."

Basi nikabonyeza. Endelea, endelea, endelea. Ukikosea swali unarudia mpaka upate. Ndiyo maana hadi leo naweza kukutajia zile nyakati 5 za kusafisha mikono za Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya kukutana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Zote ninazo kichwani. Lakini nipe glavu safi ya upasuaji uone venye nitaichafua kabla hata sijaivaa.

Sasa, usikimbie kusema huyu jamaa anataka turudi kwa karatasi. Sitaki. Semina za zamani zilikuwa na mambo yake. Nesi anatoka Lodwar au Mandera, anapanda basi mpaka Nairobi, na wodi yake inabaki na mtu mmoja. Halafu huko hotelini kuna wale wa kusaini asubuhi, chai na mandazi, kisha usingizi kiti cha nyuma. Kudanganya hakukuletwa na intaneti.

Na Kenya hii maneno si mpya. Mwaka 2005, Amref na Baraza la Wauguzi walianzisha masomo kwa kompyuta ili manesi wa cheti wapande hadi diploma bila kuacha kazi zao. Maelfu wangesubiri miaka na mikaka kupata nafasi darasani. Lakini kompyuta haikubeba kila kitu. Nadharia ilikuwa kwa skrini, na mazoezi yalibaki wodini, kwa wagonjwa wa kweli na msimamizi akiangalia.

Hicho ndicho kipande tunachokiacha nyuma siku hizi. Fikiria mtoto amezaliwa na hapumui. Nesi ana kama dakika moja tu ya kuanza kumsaidia. Anaweka kichwa sawa, kisiiname sana wala kisirudi nyuma sana, anafunika mdomo na pua kwa kile kibarakoa, anaminya mfuko wa hewa, macho kwa kifua kuona kama kinapanda. Video inaweza kukuonyesha hayo yote. Haiwezi kukwambia kwamba barakoa yako wewe inavuja upande wa kushoto. Ndiyo maana kozi kama ETAT+, ya kuwahudumia watoto mahututi, imekuwa ikichukua kama siku 5 watu wakifanya mazoezi kwa madoli.

Na simu yenyewe inaweza kufanya zaidi ya kubonyeza "endelea". Watafiti wa KEMRI-Wellcome na Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza mchezo wa simu unaoitwa LIFE. Unaingia wodi ya kuigiza, mgonjwa yuko hapo, na lazima uamue cha kufanya saa ikikimbia. Huo hata mimi singeufanya kwa niaba ya mathe huku natazama mpira.

Kwa hivyo si teknolojia ninayoilalamikia. Nalalamikia bili. Zamani mwajiri alilipa nauli, hoteli na chai. Leo anatuma linki na kusema ameokoa pesa. Ameokoa wapi? Bando ni ya mathe. Simu ni ya mathe. Saa ni zile alizopaswa kulala. Hiyo gharama haijaisha, imehamia sebuleni kwetu. Na kwa sababu hawezi kuilipa kila mwezi, analipa kwa kunipa simu mimi, na hospitali inapata faili iliyojaa vyeti vizuri.

Ninachotaka ni vitu vitatu. Kozi ikiwa ya lazima, ifanywe ndani ya saa za kazi na mtu mwingine akishika wodi. Intaneti iwe ya mwajiri. Na kwa chochote kinachofanywa kwa mikono, cheti kisitoke mpaka mtu aone hiyo mikono ikifanya, hata kama ni dakika 20 na mdoli mmoja kwenye kona ya wodi.

Nilimsomea mathe hii kabla ya kuiweka hapa. Alicheka, kisha akavuta mto wa kiti, akauweka sakafuni. "Haya, daktari wa Endelea. Bonyeza hapo katikati, mikono imenyooka." Moyo wa mtu mzima ukisimama, unabonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Hizo namba nilikuwa nazijua vizuri, nilizipita kwa mtihani. Kabla dakika haijaisha mabega yalikuwa yanawaka, na mathe bado yuko juu yangu: "Ingia ndani zaidi. Usipunguze. Acha kifua kirudi juu."

Kulingana na cheti, alikuwa amefuzu hiyo kozi mwezi uliopita. Kulingana na mto, mimi sijafuzu.

Kama mzazi wako yuko kwa hizi kazi, muulize leo nani alimfanyia kozi yake ya mwisho. Kama ni wewe, karibu chama.