SIKU YA UCHUNGUZI WA SARATANI ILIPWE

Uganda

Ndugu wafanyakazi, mwaka jana sisi wa mashamba ya chai tulimzika mwenzetu, mchumaji aliyekuwa chamani miaka mingi. Alitokwa na damu miezi minane. Kila alipoomba ruhusa, nyapara alimwambia amalize kilo zake kwanza. Naye hakubishana sana, maana asiyechuma halipwi. Alipofika hospitali, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imekwisha kuenea.

Yatuuma kwa sababu ugonjwa huu hauji ghafla. Huletwa na virusi viitwavyo HPV, na kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kabla saratani haijatokea. Kwa mwenye Ukimwi asiyetibiwa yaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Mwanzoni mwanamke hasikii maumivu yoyote. Kungoja kuumwa, basi, ni kuchelewa.

Uchunguzi wenyewe hautishi. Muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, hungoja kama dakika moja, na palipoharibika hugeuka peupe. Siki, ndugu zetu, jamii ya ile ya jikoni! Mara nyingi mahali hapo hutibiwa siku iyo hiyo kwa baridi kali au kwa joto. Iko pia njia ya kupima virusi vyenyewe, na mwanamke aweza kujichukulia sampuli faraghani. Shirika la Afya Duniani lashauri kuanza kwenye umri wa miaka 30, na miaka 25 kwa wenye virusi vya Ukimwi.

Anayechelewa hutegemea mionzi. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini kwetu iliharibika, na mpya ikazinduliwa mwanzoni mwa 2018. Wenye fedha walivuka kwenda Nairobi. Mchumaji chai angevuka na nini?

Waajiri watasema siku moja ni hasara. Katika mkataba ujao tutadai siku hiyo kwa kila mwanamke aliyefikia umri wa kupimwa, ilipwe kwa wastani wa kilo zake za mwezi, si posho ya huruma. Tutadai pia wauguzi waje kambini. Nanyi wanaume wa matawi, msituambie hayo ni mambo ya akina mama. Kwenye mkutano wa kupitisha madai, mikono yenu tutaihesabu.