Tusibandike «kuu» juu ya kila neno

Mwezi uliopita rafiki yangu wa fakulte ya sayansi aliniletea makala ya Kifaransa kuhusu «supraconducteurs» za joto la juu, zilizotengenezwa kama tando nyembamba. Aliniomba maneno ya Kiswahili. Sikuchukua hata dakika mbili: «supra» ni kuu, «conducteur» ni kipitishi, basi, kipitishi-kikuu. Akacheka: «Ndugu, umetafsiri silabi, kitu chenyewe umekiacha.»

Alisema kweli. Tangu siku hiyo ninashikilia hoja hii: sisi wanafunzi wa lugha tusiunde istilahi ya kitu tusichokielewa.

Tukitazame kitu chenyewe. Shaba ya Likasi na Kolwezi hupitisha umeme vizuri kuliko karibu metali zote, lakini daima ina ukinzani kidogo. Ndiyo sababu waya hupata moto. Mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki hadi Kelvini 4 hivi, akaona ukinzani wake umetoweka. Haukupungua tu, uliisha. Mwaka 1933 Meissner na Ochsenfeld wakaonyesha kwamba kitu kilicho katika hali hiyo husukuma nje uga wa sumaku. Basi si kipitishi kilichowashinda wenzake kwa ubora. Ni hali nyingine kabisa, na shaba tupu, pamoja na sifa zake zote, haijaonekana kuifikia.

Kuna la ajabu zaidi. Mwaka 1986 Bednorz na Müller, karibu na Zürich, waligundua hali hiyo katika mchanganyiko wenye shaba na oksijeni. Mchanganyiko wa asili wa ukoo huo haupitishi umeme. Elektroni zake husukumana kwa nguvu hata kila moja hubaki mahali pake, kama abiria katika basi iliyojaa: hakuna wa kusogea mpaka wachache washuke. Zikiondolewa elektroni chache, nyingine hupata njia. Zikipozwa, hutembea mbili mbili bila kukinzwa. Namna msukumano huo unavyozaa jozi, wataalamu wanabishana mpaka leo. «Kuu» inaficha habari hiyo yote.

Na «joto la juu»? Mchanganyiko wa itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, uliogunduliwa mwaka 1987, hufikia hali hiyo chini ya Kelvini 93, yaani nyuzi 180 hivi chini ya sifuri ya Selsiasi. Mwanafunzi akisikia «joto» atafikiri jiko. Ila azoti ya kimiminika, yenye Kelvini 77, inatosha kuupoza, nayo ni rahisi kuliko heliamu. Mimi ningesema «baridi nafuu».

Neno «topolojia» ningeliacha lilivyo, mradi tulieleze. Fundo katika kamba ya duara halifunguki kwa kuvuta wala kukunja, ila kwa kukata. Katika utando mwembamba umeme hufanya mizunguko midogo, kama maji yanapoingia tundu, na mizunguko hiyo huhesabiwa kwa namba nzima, kama mafundo. Kosterlitz na Thouless walieleza mwaka 1973 mabadiliko ya namna hiyo: kwenye baridi, mizunguko inayopingana hushikana mbili mbili, joto likizidi kiasi fulani, huachana. Katika utando, zikiachana, ukinzani hurudi. Wawili hao, pamoja na Haldane, walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2016 kwa kazi zao za topolojia ya maada.

Baadhi ya walimu wetu husema: mtihani ni wa Kifaransa, tunajisumbua nini? Ninawaheshimu, lakini sikubali. Neno la Kifaransa lina kasoro ileile, nasi tulilikariri miaka mingi bila kuliuliza swali. Kulitafutia mwenzake wa Kiswahili ndiko kulikonilazimisha kuuliza.

Ninapendekeza fakulte zetu mbili zikae meza moja: wao waeleze, sisi tusikilize, ndipo tutaje. Kwa sasa ninaweka mezani «kipitishi kisokinza». Rafiki yangu hajacheka. Ameniuliza tu kama elektroni nazo zinakinzana, na jibu bado ninalitafuta.