DAWA YA MAGUGU, SUMU YA MITO

Katika lugha yetu twakiita kwa jina moja kitu kinachoponya na kitu kinachoua. Kidonge cha mgonjwa ni dawa. Maji ya kupulizia mende ni dawa. Na yale yanayonyunyizwa kando ya barabara ili majani yakauke, nayo yaitwa dawa ya magugu. Jina hilo ni zuri kupita tabia ya mwenye jina. Mtu akisikia neno dawa moyo wake hutulia, naye hasiti kuibeba mgongoni siku nzima, hali mikono yake i mitupu na uso wake hauna kizuizi.

Leo twataka kulitazama jambo hili kwa macho makavu. Katika miji mingi ya dunia sumu ya kuulia magugu yaonekana katika vijito na vinamasi mahali ambapo hapana shamba wala mkulima. Imefikaje huko? Na je, gharama yake hulipwa na nani?

Toka mtaroni hadi mtoni

Watu wengi hudhani kwamba sumu ya mtoni hutoka shambani tu. Ni kweli kwamba mashamba hutumia sehemu iliyo kubwa. Lakini mkulima anyunyizapo kiuagugu shambani mwake, udongo hushika kiasi kingi, na vijidudu vya udongo hukivunjavunja siku baada ya siku. Glifosati, kiuagugu kinachouzwa kuliko vyote duniani, kilichoingia sokoni mwaka 1974 kwa jina la Roundup, yasifiwa hasa kwa tabia hiyo ya kugandamana na udongo.

Mjini, je, udongo uko wapi? Mpulizaji wa mjini hupita juu ya lami, saruji, kokoto na matofali ya njia, akiyafuata majani yaliyoota katika nyufa. Tone lisilopata jani hubaki juu ya jiwe. Mvua ya kwanza ikinyesha huliosha na kulipeleka mtaroni, nao mtaro hauna chujio. Miji mingi iliyoendelea husafisha maji ya vyooni kabla ya kuyamwaga, lakini mara nyingi maji ya mvua hayapitii huko: hutoka barabarani yakaingia kijitoni yalivyo. Ndiyo maana kiasi kilekile cha sumu, kikimwagwa juu ya saruji, huwa na madhara zaidi kwa mto kuliko kikimwagwa juu ya udongo.

Kinamasi nacho kina balaa yake. Hapo maji hupunguza mwendo, na tope lililobebwa hutulia. Miji mingine huchimba vinamasi kwa makusudi ili viyachuje maji ya mvua. Lakini viuagugu kama simazini na diuroni vimetengenezwa kuzuia mmea usijipatie chakula kwa nuru ya jua, navyo havina macho ya kubagua gugu la barabarani na mwani au tete la majini. Mwani ndio chakula cha wadudu wadogo, wadudu ni chakula cha samaki, na samaki ni chakula cha ndege na binadamu. Anayeua cha chini huwanyima chakula walio juu.

Haya si maneno ya kubahatisha. Idara ya Uchunguzi wa Jiolojia ya Marekani ilipima mito ya nchi yake toka 1992 hadi 2001. Katika vijito vinavyopita mijini, kama ilivyokuwa katika vile vya mashambani, sumu ya wadudu au ya magugu ilionekana kwa zaidi ya asilimia 90 ya wakati. Katika miaka ya 2002 hadi 2011 vijito vya mijini vilivyozidi vipimo vya usalama wa viumbe vya majini vilipanda kutoka asilimia 53 hadi asilimia 90, na katika ongezeko hilo mkosaji mkubwa alikuwa sumu za wadudu. Tena kati ya 2015 na 2017 idara hiyo ilitafuta glifosati katika mito 70. Ikaiona walau mara moja katika mito 66.

Chura na mpulizaji

Wauzaji hutujibu kwamba glifosati huziba njia ya uhai iliyomo katika mimea, nayo haimo katika mwili wa mnyama. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijatimia. Kinachouzwa dukani si glifosati peke yake. Huchanganywa na vitu vya namna ya sabuni ili maji yashike juu ya jani. Mwaka 2005 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Rick Relyea, alitia dawa ya jinsi hiyo katika madimbwi ya majaribio. Baada ya wiki tatu asilimia 96 hadi 100 ya viluwiluwi walikuwa wamekufa. Wenye kiwanda walisema kwamba dawa ile haikuruhusiwa kupulizwa juu ya maji. Vema, lakini nani ameuambia mtaro wa barabara habari za ruhusa hiyo? Australia ililiona jambo hili mapema, na mwaka 1996 mamlaka yake ikaagiza maelezo ya chupa za glifosati yabadilishwe ili zile zenye sabuni za jinsi hiyo zisitumike majini.

Kutoka kwa chura twende kwa mtu. Katika mji wa Benicia, California, alikuwako mfanyakazi wa viwanja vya shule, Dewayne Johnson. Kazi yake ilikuwa kupulizia magugu, na zaidi ya mara moja dawa ilimwagika ikamlowesha mwili. Mwaka 2014 aliambiwa kwamba ana saratani ya mitoki. Mwezi wa Machi mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, likaiweka glifosati katika orodha ya vitu ambavyo yaelekea huleta saratani kwa binadamu. Mwezi wa Agosti mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama mjini San Francisco liliamua kwamba Monsanto, kampuni iliyotengeneza dawa hiyo, imlipe dola milioni 289. Baada ya rufani fedha hizo zilipunguzwa mpaka milioni 20.5.

Haki yadai tuseme na upande wa pili. Kampuni ya Bayer, iliyoinunua Monsanto mwaka 2018, yakana kwamba dawa hiyo huleta saratani. Idara ya Hifadhi ya Mazingira ya Marekani yasema hivyo hivyo, na Ulaya iliongeza kibali cha glifosati kwa miaka 10 mwaka 2023. Wataalamu wanabishana, na ubishi wao haujakwisha. Lakini wakati wakubwa wanabishana mezani, bomba la kupulizia liko mgongoni mwa mtu. Hakuna mfanyakazi aliyeulizwa kama yu tayari kuwa kipimo cha mabishano hayo.

Mwili mmoja, vipimo viwili

Msomaji atauliza: kama mito imepimwa, kwa nini wenye mamlaka hawatishiki? Jibu limo katika kipimo chenyewe. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka sheria kwamba lita moja ya maji ya kunywa isiwe na zaidi ya sehemu 0.1 ya maikrogramu ya sumu yoyote moja ya magugu au ya wadudu. Ni kama kutia gramu 1 katika lita milioni 10. Marekani yaruhusu maikrogramu 700 za glifosati katika lita moja. Kiasi hicho ni mara 7,000 ya kile cha Ulaya.

Je, mwili wa Mmarekani una nguvu mara 7,000 kuliko mwili wa Mfaransa? La hasha! Ulaya haikusema kwamba anayepita kipimo chake ataugua kesho. Ilisema kwamba sumu haina ruhusa ya kuwamo katika maji ya kunywa, basi. Marekani ilipiga hesabu ya kiasi ambacho mtu aweza kukivumilia. Hawa walianza na haki ya mnywaji, na wale walianza na nafasi ya mwuzaji. Tena hesabu ya Marekani hupima kila sumu peke yake, hali kijito cha mji hubeba sumu nyingi kwa pamoja.

Tukumbuke basi kwamba mtu akituambia, "Maji haya hayajapita kipimo," yatupasa tumwulize: kipimo cha nani, na kiliwekwa kwa ajili ya nani?

Waliokataa

Wako wasemao kwamba mji hauwezi kuishi bila sumu hii. Uholanzi, ambayo hupata maji mengi ya kunywa kutoka mito yake, ilipiga marufuku mwaka 2016 wafanyakazi wa kulipwa kunyunyiza glifosati juu ya njia zilizosakafiwa. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya tarehe 6 Februari 2014, iliyoletwa na Seneta Joël Labbé, serikali na halmashauri za miji zilikatazwa toka tarehe 1 Januari 2017 kutumia sumu za viwandani katika bustani za watu wote, misitu na barabara. Toka 1 Januari 2019 mwenye bustani nyumbani alikatazwa vilevile. Njia za reli na viwanja vya ndege viliachwa nje kwa sababu ya usalama, na dawa zenye hatari ndogo zikaruhusiwa.

Miji ya Ufaransa haikugeuka pori. Halmashauri zilianza kutumia maji ya moto na mvuke, brashi za chuma, vibanzi vya mbao vya kufunika udongo, na nyasi fupi zilizopandwa makusudi mahali pa kokoto. Zikaleta pia mikono ya watu, na hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Kiuagugu hakikuingia mijini kwa kuwa magugu yalikuwa yamewashinda watu. Kiliingia kwa sababu mtu mmoja mwenye bomba huifanya kwa saa chache kazi ambayo watu kadhaa wenye mafyekeo huifanya kwa siku nyingi. Katika daftari la halmashauri huo ni uchumi. Lakini gharama haikufutwa, imehamishwa tu. Imetoka katika daftari ikaingia katika mapafu ya mpulizaji, katika mto, na katika mashine za kusafishia maji ambazo wananchi haohao huzilipia. Wahenga walisema, rahisi ghali.

Na sisi je?

Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Amerika. Glifosati yauzwa katika maduka ya pembejeo ya Tanzania na Kenya, na kijana yeyote mwenye fedha kidogo aweza kuinunua. Miji yetu inakua, lami yaongezeka, na makandarasi wa usafi wa barabara nao wanajua kupiga hesabu.

Utazameni Mto Msimbazi. Huanza katika vilima vya upande wa Pugu, ukakata katikati ya Dar es Salaam, ukapita Jangwani na kuingia baharini penye mikoko ya Upanga. Kando yake watu hulima mchicha na matembele, hunywesha kwa maji ya mto, na mboga hizo huliwa na mji mzima. Mvua kubwa zikija, mitaro mingi ya mji humimina humo. Mtu anayepulizia sumu uwanja wake kwa asubuhi moja, basi, anaweza kuwa anaitia katika sufuria ya jirani asiyemjua. Wahenga walituonya: mchama ago hanyele, huenda akauya papo.

Sheria hatukukosa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 imeunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye kazi ya kusajili na kusimamia dawa hizi. Lakini sumu ya mtaroni huanza safari yake mbali na zile mita 60. Yatakiwa ilindwe pale inapomwagwa.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, mkataba wowote wa usafi wa barabara, shule au hospitali useme waziwazi kama majani yatafyekwa au yatapulizwa, na hesabu ya gharama itie na bei ya maji yatakayochafuka. Pili, mfanyakazi atakayepewa bomba apewe pia glavu, viatu, barakoa na maelezo katika lugha aijuayo, naye akikataa kupulizia bila vifaa hivyo asiitwe mkaidi. Tatu, upimaji wa mito ya miji utafute viuagugu kama unavyotafuta kinyesi na madini, na majibu yabandikwe mahali ambapo mlima mchicha na mla mchicha wataweza kuyasoma.

Fyekeo ni chombo cha zamani, na wako wanaolionea haya. Lakini fyekeo likimaliza kazi, jani hukauka juu ya udongo na mto hausikii habari yake, na jioni mtu aliyelishika hurudi nyumbani na mshahara wake, wala hana kingine alichobeba katika nguo cha kuwapelekea watoto. Halmashauri itakayolichagua haitakuwa imerudi nyuma.