Walimu tuhesabu deni lote, si makato ya mwezi

Nami natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo linawagusa walimu wengi na watumishi wengine wa umma, nalo ni mikopo ya pikipiki.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi Kaloleni, mjini Arusha, kwa sababu nyumba za walimu kule shuleni hazitutoshi. Shule yenyewe iko kijijini, kwenye mteremko wa Mlima Meru juu ya Ngaramtoni, na safari yangu ya kwenda na kurudi ni kilometa 36. Sehemu kubwa ni lami, lakini kipande cha mwisho ni njia ya udongo ambayo wakati wa kiangazi ni vumbi tupu na wakati wa masika ni utelezi.

Mwaka 2019 nilikopa katika SACCOS nikanunua pikipiki aina ya Boxer ya cc 100. Mkopo ule siujutii hata kidogo. Kabla ya hapo nilikuwa nikipanda daladala hadi Ngaramtoni kisha natembea kwa miguu, na mara nyingi kengele ya asubuhi ilinikuta njiani. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba napinga walimu kukopa. Mwalimu asiyekopa, pengine hata bati la kuezekea hatalipata.

Sasa Boxer yangu imechoka. Inatoa moshi, na kwenye mlima inalalamika. Mwezi uliopita nilipita duka moja hapa mjini nikaona pikipiki kubwa ya safari ndefu, cc 250, yenye masanduku ya mizigo pembeni na kioo cha kukinga upepo. Nakiri kwamba moyo ulinienda mbio. Tangu barabara ya lami kutoka Babati hadi Dodoma ilipofunguliwa mwaka 2018, nimekuwa na hamu ya kuondoka Arusha alfajiri siku ya likizo, nipite Minjingu, Babati na Kondoa, niingie Dodoma jioni kwa pikipiki yangu mwenyewe. Mwalimu naye ni mtu, na hamu ya kuiona nchi yake si dhambi.

Muuzaji alinieleza kwamba bei ni shilingi 8,400,000. Boxer yangu wangeichukua kwa 900,000, na zile 7,500,000 zilizobaki ningekopeshwa kwa miezi 36. Nilipouliza riba nikaambiwa, "Asilimia mbili tu kwa mwezi, Mwalimu. Makato yako ni 358,000 na kidogo. Hutayasikia." Nikapewa mkataba wa kurasa sita, wote kwa Kiingereza, nikaonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Nikaomba niende nao nyumbani. Nikaambiwa nisikawie, ati bei hiyo ni ya wiki hiyo tu.

Njiani nilisimama kijiweni, nikamkuta kijana niliyemfundisha darasa la sita. Siku hizi ni bodaboda, na pikipiki yake ni ya mkataba. Nikamweleza habari zangu kwa furaha. Akaniambia, "Shikamoo Mwalimu, hongera. Mimi yangu nalipa elfu kumi kila siku isipokuwa Jumapili, miezi kumi na minne. Ni malipo 365, jumla 3,650,000, halafu inakuwa yangu. Yako mpaka uimalize itakuwa shilingi ngapi?"

Ndugu Mhariri, nilishindwa kumjibu. Mwalimu wa Hisabati nimeulizwa swali la kuzidisha na mwanafunzi wangu, nami sina jibu! Nilikuwa najua makato ya mwezi tu.

Usiku huo nilichukua karatasi. Asilimia mbili ya 7,500,000 ni 150,000. Kwa miezi 36 riba ni 5,400,000. Kwa hiyo deni lote ni 12,900,000, na ukiongeza Boxer niliyotoa, pikipiki ya 8,400,000 ingenigharimu 13,800,000. Hapo sijaweka bima kubwa ambayo mkataba ulidai niikate kila mwaka mpaka deni liishe.

Nikaona na jambo la pili ambalo wengi wetu hatulijui. Riba ile ilikokotolewa juu ya deni la mwanzo mpaka mwezi wa mwisho, hata kama nimekwisha kulipa sehemu kubwa. Kama asilimia hiyo hiyo mbili ingekokotolewa juu ya deni linalobaki, rejesho la mwezi lingekuwa kama 294,000, na riba yote ingekuwa karibu 3,100,000. Asilimia ni ile ile, lakini tofauti ni zaidi ya shilingi 2,300,000. Je, ni walimu wangapi wanaouliza swali hili kabla ya kutia sahihi?

Mshahara wangu ni 830,000. Baada ya mchango wa PSSSF, bima ya afya, kodi na chama cha wafanyakazi, nabaki na kama 670,000. Ukitoa rejesho hilo, zinabaki kama 312,000. Sisi watumishi tunafahamu utaratibu kwamba makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Theluthi yangu ni kama 277,000, kwa hiyo mkopo huu ungepita bila kipingamizi. Lakini kodi ya nyumba, ada ya chekechea, unga, mkaa na dawa za mama yangu mzazi havijui habari ya theluthi. Utaratibu ule umewekwa ili mtumishi asianguke kabisa. Si kipimo cha kutuonyesha tukope mpaka wapi.

Mama watoto alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kwani shule yenu imehamishwa?" Nikacheka, lakini ndilo swali lenyewe. Shule haijahama. Kilometa ni zile zile 36, nazo Boxer huzimaliza kwa lita nne tu za petroli kwa wiki.

Hapo ndipo nilipoona tofauti kati yangu na yule kijana. Pikipiki yake inajilipia yenyewe kila siku na kumwachia chakula. Yangu mpya ingelipiwa na sahani za watoto wangu kwa miaka mitatu ili mimi nifike Dodoma mara moja kwa mwaka. Nilirudisha mkataba bila sahihi. Boxer nimeipeleka gereji ikabadilishwa ringi za pistoni, cheni na sproketi, brekishuu na tairi la nyuma, vyote pamoja na ufundi shilingi 240,000. Sasa inapanda mlima bila kulalamika. Safari ya Dodoma sijaifuta. Naiwekea akiba, na pengine nitakwenda kwa basi.

Serikali imekwisha kufanya kazi kubwa katika jambo hili. Tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Novemba 2024 Benki Kuu iliwatangazia wananchi orodha ya majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yasiyo na leseni. Hata hivyo wapo wenzetu ambao bado wanakabidhi kadi za benki na namba za siri kwa wakopeshaji wa mitaani, wenye mikopo ambayo wananchi wameipa jina la "kausha damu". Mwalimu huyo siku ya mshahara anakwenda kumwomba mkopeshaji nauli ya kwenda kazini. Mtu wa namna hiyo atafundishaje kwa moyo mkunjufu?

Kwa hiyo natoa wito. Kwanza, wauzaji na wakopeshaji waandike mikataba kwa Kiswahili, na ukurasa wa kwanza uonyeshe kwa tarakimu kubwa jumla ya fedha zote mteja atakazolipa mpaka mwisho, pamoja na namna riba inavyokokotolewa. Pili, wahusika wafikirie mikopo ya riba nafuu kwa walimu wa vijijini wanaohitaji pikipiki za kwendea kazini. Mwaka 2018 Waratibu Elimu Kata walipewa pikipiki, nasi tuliona jinsi zilivyowasaidia kuzifikia shule. Mwalimu wa darasani hadai apewe bure. Anaomba mkopo usiomkamua.

Tatu, walimu wenzangu, tusiulize tu "nitakatwa kiasi gani kwa mwezi?" Tuulize deni lote ni kiasi gani, na kama shule imehamishwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kaloleni, Arusha.