Misheni, Msikiti na Maradhi: Somo kutoka Songea

Maradhi yanayoenea hayabishi hodi, wala hayamuulizi mtu anasali wapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wengi wetu huku Ruvuma tulidhani ni habari ya mbali. Haikupita miaka mingi, nasi tukawa tunazika vijana wetu. Katika siku hizo za hofu, aliyekuwa tayari kumgusa mgonjwa, kumwosha na kumlisha, mara nyingi alikuwa mtawa, katekista au muuguzi wa hospitali ya misheni.

Mwandishi wa safu hii alianza kusoma chuoni, mbele ya mwalimu wa Kurani, kabla hajaingia shule ya Serikali. Hana sababu ya kuipigia debe misheni. Lakini haki ni haki, na kada anayeogopa kuisema kwa sababu inamhusu jirani wa dini nyingine hawafai wananchi.

Tuanze na historia. Misheni ya Peramiho, mwendo wa kilomita 24 hivi kutoka mjini Songea, ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1898. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, wazee wetu waliiteketeza kwa moto, kwa kuwa hawakuona tofauti kubwa kati ya mzungu mwenye msalaba na mzungu mwenye bunduki. Leo wajukuu wa wapiganaji hao ndio waganga, wauguzi na wagonjwa wa Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, Peramiho. Imani hiyo ya wananchi haikuletwa na mahubiri peke yake. Imejengwa na miaka mingi ya kuwakuta pale pale, mvua inyeshe au jua liwake.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi ya mashirika ya dini wakati wa janga. Ofisi inayofunguliwa baada ya ugonjwa kuingia huhitaji kwanza kujulikana. Kanisa na msikiti vinajulikana tangu zamani. Wakatoliki wana jumuiya zao ndogo ndogo, kaya chache zinazokutana nyumba kwa nyumba, kama vile Chama kilivyokuwa na mabalozi wa nyumba kumi kumi tangu miaka ya 1960. Mgonjwa akikosa kuonekana, jirani anajua. Yatima akikosa daftari, jirani anajua. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, kazi ngumu haikuwa kuzifikisha bohari tu. Ilikuwa kuhakikisha kwamba mgonjwa wa kijiji cha mbali anazinywa kila siku, asione aibu wala asikate tamaa.

Janga la UVIKO-19 lilithibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Baadaye pakaingia kimya, na kimya wakati wa maradhi ni sumu. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki, chini ya Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, liliwatahadharisha waumini kwamba ugonjwa ungalipo, na likawahimiza kujikinga huku wakisali. Visiwani, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, hakuficha kwamba ameugua. Akafariki tarehe 17 Februari 2021. Hakuwa wa Chama chetu, lakini ukweli ule ulikuwa huduma kwa umma. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, na kimya kikavunjika.

Wapo waliodhani kwamba kujikinga ni upungufu wa imani. Tuliosoma chuoni tunakumbuka kisa cha Khalifa Umar bin al-Khattab, aliyerudi njiani aliposikia kuwa tauni imeingia Shamu. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari, alieleza kwamba anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu na kuingia katika kadari Yake nyingine. Dua na tahadhari havigombani.

Hata hivyo, sifa isifunike kasoro. Kwanza, shirika la dini lina mafundisho yake, na katika kinga ya UKIMWI hayakulingana siku zote na ushauri wa wataalamu wa afya. Serikali haina budi kuhakikisha kwamba mwananchi anapata elimu kamili. Pili, makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa kuhusu elimu na afya yaliwaachia Waislamu wengi manung'uniko. Jibu lake si kumpunguzia mgonjwa wa Peramiho kitanda. Jibu ni mlango ule ule kufunguliwa kwa kila taasisi ya dini inayoweza kuhudumia watu wote bila ubaguzi, kwa masharti na ukaguzi ule ule.

Tatu, na hili ndilo zito, fedha nyingi za kupambana na UKIMWI zimetoka ng'ambo. Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, wenye hofu walikuwa wagonjwa wetu, si wao. Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kutuonya juu ya kujenga nyumba kwa miti ya kuazima. Masista wa Chipole, wanaolea yatima mkoani humu, walilielewa somo hilo: walijenga mtambo wa umeme katika maporomoko ya Tulila, Mto Ruvuma, na tangu 2015 wanaliuzia umeme Shirika la TANESCO. Huo ni ujamaa wa vitendo, hata kama waliojenga hawauiti hivyo.

Kwa maofisa wa Serikali tunasema: mikataba ya huduma na hospitali za dini iheshimiwe, ruzuku ifike kwa wakati, na hesabu zikaguliwe bila kuoneana haya. Kumwachia mtawa mzigo, kisha kumchelewesha, si ushirikiano.

Kwa ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia tunasema: zaka na wakfu ni hazina ya kale. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wakfu wa duka moja au shamba moja ukielekezwa kwenye nauli ya mgonjwa na chakula cha aliyelazwa, msikiti utakuwa umefanya kazi ile ile tunayoisifu huku bara.

Janga jingine litakuja. Litukute tumekwisha kujuana, nyumba kwa nyumba.